Mto Umechukua



Nilipokuwa na miaka kumi na minne, likizo za Desemba na Aprili nilizipitisha katika gereji moja pale Buyenzi. Kazi yangu haikuwa ya ufundi. Nilikuwa nafua matambara, naleta chai, naokota bolti zilizoanguka chini ya magari, na jioni nabeba bido la oili chafu, ile ambayo mafundi wanaiita vidanje, nateremka nalo hadi ukingo wa Ntahangwa na kuimwaga. Bido la lita ishirini. Likizo zile ni miezi ya mvua, kwa hiyo maji yalikuwa mekundu na yanakwenda mbio. Oili ikiyagusa ilikuwa inakunjuka kama utepe mweusi, inang'aa rangi za upinde wa mvua, halafu haipo tena. Nilipenda kuitazama. Nikirudi, fundi mkuu ananiuliza, "Umemaliza?" Nami namjibu kama nilivyowasikia wakubwa wakijibu: "Mto umechukua."

Neno hilo pale mtaani lilikuwa na kazi nyingi. Takataka za sokoni, maji ya kufulia, mbwa aliyegongwa na gari: mto umechukua. Ukishalisema, mazungumzo yameisha. Kitu kimehama na jukumu lake limehama nacho. Hata mvua ilipokula ukingo na choo cha mtu kikaporomoka na matofali yake, watu walisema vilevile, ila safari hiyo kwa huzuni.

Lilinirudia darasani mwaka jana, tulipokuwa katika mlango wa tahara. Ustadhi alikuwa anaeleza kipimo cha qullatayn wanachokitumia Mashafii: maji yakifika kiasi hicho, ambacho kwa vipimo vya leo ni kama lita 200, hayawi najisi kwa kuingiwa na najisi mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Mwenzetu mmoja, kijana wa Kamenge asiyenyamaza, akainua mkono. "Ustadhi, Ziwa Tanganyika lina qulla ngapi?" Darasa likacheka. Ustadhi naye akacheka, akasema hilo mwachie Mwenyewe aliyeliumba, halinajisiki leo wala kesho, akaendelea na somo.

Jibu lake lilikuwa sahihi. Ziwa lile lina maji ya ujazo wa kilomita za ujazo zipatazo 18,900. Ukichukua qullatayn ukaanza kugawa, kalamu itaisha wino. Lakini mimi nilibaki nimekaa na bido langu kichwani. Kama maji yale ni mengi kiasi hicho, na oili yangu ilikuwa ndogo kiasi kile, je, nilifanya kosa au sikufanya? Na kama nilifanya, nilimkosea nani? Kwa miezi kadhaa nimekuwa naliuliza swali hili, kwanza kwa vitabu vya jiografia, kisha kwa vitabu vyetu.

Nianze na mto wenyewe. Ntahangwa ni mto mfupi. Unatoka katika milima ya Mumirwa juu ya mji, unateremka kwa kasi, unapita kati ya mitaa na kuingia ziwani. Kiangazi mtoto anaweza kuuvuka kwa kuruka mawe. Mvua zikija, ni mto mwingine. Wakazi wa Mugoboka na Nyakabiga wanaujua, maana umekuwa ukila kingo zake mwaka baada ya mwaka na kuziacha nyumba zikining'inia. Na mikondo midogo ya upande wa kaskazini, ambayo wengi hatuijui hata majina, ndiyo iliyoshuka usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014 juu ya Kamenge, Kinama na Buterere, ikaua zaidi ya watu 60 kwa saa chache.

Kinachobeba ni kasi. Maji yenye kasi yanaviringisha mawe na mchanga chini. Ukisimama darajani usiku wa mvua unayasikia yakigongana. Udongo mwepesi unabaki umening'inia ndani ya maji na kuyapa ile rangi ya tofali. Vingine vimeyeyuka na havionekani kabisa: chumvi, mbolea, sabuni. Na juu kinaelea kisichotaka kuzama, chupa za plastiki na oili yangu. Kasi ikiisha, mzigo unashushwa, na unashushwa kwa mpangilio: mawe kwanza, kisha mchanga, na tope laini baadaye kabisa. Ndiyo maana kila mto wetu, Rusizi, Ntahangwa, Muha, Kanyosha, umejijengea ardhi pale unapokutana na ziwa. Tope linaendelea mbele zaidi. Maji yaliyojaa udongo ni mazito kuliko maji ya juu ya ziwa yenye joto, kwa hiyo yanazama chini yake na kuteremka kando ya mwinuko kama mto ndani ya ziwa.

Na baada ya hapo? Nilidhani, kama mtoto yeyote aliyesoma shule ya msingi, kwamba mito yote inaishia baharini. Njia ipo kweli. Upande wa magharibi wa ziwa, pale Kalemie, unatoka mto mmoja tu, Lukuga. Unaingia Lualaba, Lualaba inakuwa Kongo, na Kongo inamwagika katika Atlantiki. Wazungu waliokuja huku karne ya 19 walihangaika sana kuutafuta mlango huo. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipiga makasia hadi kaskazini mwa ziwa, karibu na tulipo sisi, kuona kama Rusizi unatoka kuelekea Nili. Wakaukuta unaingia. Cameron aliuona mdomo wa Lukuga mwaka 1874, lakini Stanley alipofika miaka miwili baadaye ulikuwa umezibwa kwa matope na majani. Ziwa likawa linapanda tu, hadi mwaka 1878 hivi maji yalipousukuma mlango ule na kuufungua. (Walioishi Kibenga, Kajaga na Gatumba miaka hii ya karibuni, maji yakiingia sebuleni, hawatashangaa kusikia kwamba ziwa hili lina tabia ya kupanda.)

Sasa, jambo ambalo sikulitarajia ni hili. Mlango huo ni mwembamba mno kwa nyumba kubwa namna hiyo. Sehemu kubwa kabisa ya maji yanayoingia Tanganyika haitoki kwa Lukuga. Inapaa na jua. Na mvuke unapanda peke yake. Hauchukui tope, wala chumvi, wala vile vipande vya madini ambavyo injini kuukuu inavisaga na kuviacha ndani ya oili. Vyote vinabaki. Wataalamu wanakadiria kwamba maji yanakaa humo kwa wastani wa zaidi ya miaka 400. Kina chake kinafika mita 1,470, na kuanzia mita mia moja au mia mbili hivi kwenda chini hakuna hewa ya oksijeni na maji ya huko hayachanganyiki kwa urahisi na ya juu. Kinachozama kimezama. Chini kabisa limelala tope la mamilioni ya miaka, unene wake ni kilomita kadhaa, tabaka juu ya tabaka, na watafiti huchoma mabomba humo na kulisoma kama mtu anavyofungua kurasa.

Basi mto ulichukua, ni kweli. Ulichukua kilomita mbili tatu, ukaweka. Ukaweka katika ziwa ambalo mji huu unavuta humo sehemu kubwa ya maji yake ya bomba, na ambamo ndagala na mukeke wa mezani wanatoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walilinganisha sehemu za pwani ya ziwa ambazo milima yake imelimwa na kuachwa wazi na sehemu ambazo misitu bado ipo. Palipoingia udongo mwingi, aina za samaki na vijidudu vya majini zilikuwa zimepungua sana. Samaki wengi wa Tanganyika hawapatikani popote pengine duniani. Wanakula ukungu wa kijani ulioshika mawe; mawe yakifunikwa na tope, chakula kimefunikwa.

Msomaji anaweza kusema: sawa, tatizo ni ziwa, kwa kuwa limefungwa, mto unaofika baharini umemaliza kazi. Nilifikiri hivyo pia, mpaka niliposoma habari za mdomo wa Kongo. Pale pwani, mto unaingia baharini juu ya bonde refu sana lililochongwa chini ya maji, ambalo kichwa chake kimeingia hadi ndani ya mto wenyewe. Mchanga unarundikana kichwani mwa bonde hilo, kimya kimya. Mwisho wa 2019 mvua zilikuwa kubwa katika ukanda wetu wote. Ndio msimu uleule mlima ulipoporomokea watu pale Nyempundu, Cibitoke. Kongo ulifurika kuliko ulivyofurika tangu miaka ya 1960. Kisha, kati ya tarehe 14 na 16 Januari 2020, mrundo ule ukaachia. Maporomoko ya mchanga na tope yalikimbia chini ya bahari zaidi ya kilomita 1,100, na kadiri yalivyokwenda ndivyo yalivyoongeza mwendo, hadi mita 8 kwa sekunde. Njiani yakakata nyaya za intaneti zilizolazwa sakafuni, SAT-3 na WACS, na nchi kadhaa za Afrika ya magharibi na kusini zikabaki na intaneti ya kusuasua. Siwezi kudai kwamba kulikuwa na hata punje moja ya Buyenzi katika mchanga ule. Ninachosema ni kwamba hata bahari kuu, ile tunayoitolea mfano wa ukubwa usio na mwisho, haikukipoteza kilichopelekwa kwake. Ilikiweka, na siku moja kikaondoka na kwenda kumpata mtu aliyekuwa ameketi Lagos akijaribu kutuma barua pepe.

Kwa kuwa nimetaja mto kukutana na bahari, naomba niseme neno kuhusu ile video inayozunguka katika magrupu yetu ya WhatsApp, ya bahari mbili zenye rangi tofauti "zisizochanganyika". Picha nyingi za aina hiyo ni za Ghuba ya Alaska, na rangi ile ni tope la mito inayotoka kwenye barafu, linalokutana na maji ya bahari. Yanachanganyika, taratibu. Aya za Surat Al-Furqan na Ar-Rahman ni kweli bila msaada wa video hiyo, na mtu anayeujenga ushahidi wake juu ya picha asiyoijua anauweka utukufu wa Qur'ani mahali dhaifu. Tuendelee.

Kuna aya nyingine ambayo kwa maoni yangu inastahili kusomwa zaidi na watu wanaoishi kando ya mito ya milimani. Katika Surat Ar-Ra'd, aya ya 17, Mwenyezi Mungu (s.w.) anapiga mfano wa maji yanayoteremka kutoka juu, kila bonde likatiririka kwa kadiri yake, mafuriko yakabeba povu linalopanda juu, kisha povu linapita bure, na kinachowafaa watu kinabaki ardhini. Mufasirina wanalieleza povu kuwa ni batili, na kinachobaki kuwa ni haki. Mimi nilipoisoma tena baada ya habari hizi za ziwa, nilisimama kwenye ule mgawanyo. Kubeba kwenyewe si kubaya. Mto umeumbwa ubebe. Upande wa pili wa mgongo wa nchi yetu, Rutovu, ambako miaka ya 1930 Mjerumani Waldecker alikitambua chemchemi ya kusini kabisa ya Nili na kukajengwa piramidi ndogo juu ya kilima, tone la mvua linaanza safari kuelekea Misri. Kwa maelfu ya miaka Wamisri walilima juu ya tope lililoletwa na Nili, jingi likiwa la milima ya Uhabeshi. Bwawa la Aswan lilipokamilika mwaka 1970, tope likanaswa nyuma ya ukuta. Wakulima wakahitaji mbolea za kununua, na bahari ikaanza kuila pwani ya delta pale Rashid. Tope lilikuwa riziki ya mtu. Kwa hiyo malalamiko yangu hayahusu mto kuchukua. Yanahusu tulichoupa, na kile tunachojiambia baada ya kuupa.

Sasa nirudi darasani. Nimefikia kuona kwamba lile swali la qulla tulilicheka kwa sababu tuliliuliza katika mlango usio wake. Mlango wa tahara unajibu swali moja: je, maji haya yanafaa kutawadhia? Uwingi unasaidia hapo, na hiyo ni rehema, kwa sababu bila hivyo hakuna ambaye angeswali kwa utulivu. Lakini haukuandikwa kujibu kama nimemdhuru mtu. Maji yanaweza kuwa tohara na bado yakamtia mtoto wa jirani ugonjwa. Swali la madhara lina milango yake mingine, ya dhamana na ghasb, na kanuni kubwa kwamba hapana kudhuru wala kudhuriana. Tulichukua ruhusa ya mlango mmoja tukaitumia kama hati ya mlango mwingine.

Na hata ndani ya mlango wa tahara, wazee wetu hawakuwa wepesi kama sisi. Mtume (s.a.w.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama. Imam an-Nawawi, katika sherehe yake ya Sahih Muslim, anasema kwamba maji yakiwa mengi na yanatiririka, haramu haipatikani kwa ufahamu wa hadithi hiyo, ila bora kuepuka. Kwa haraka haraka hiyo ni pumzi kwa mtoto wa gereji: Ntahangwa unatiririka. Lakini unatiririka kwenda wapi? Kwenda kwenye maji yanayokaa miaka 400. Mto wetu ni maji yaliyotuama yaliyoonwa kabla hayajafika. Halafu an-Nawawi alikuwa anazungumzia mkojo, kitu ambacho ardhi na maji vinakijua na vinakimaliza. Sidhani kama ni haki kumbebesha fatwa ya oili ya injini.

Ipo pia hadithi katika Ibn Majah, ya Mtume (s.a.w.) kumkataza Sa'd (r.a.) israfu ya maji katika udhu, hata akiwa kando ya mto unaopita. Wanazuoni wameisema isnadi yake kwa udhaifu, kwa hiyo siitumii kama nguzo. Naitaja kwa sababu maana yake inakwenda kinyume kabisa na akili yetu ya Buyenzi. Sisi tunasema: maji ni mengi, kwa hiyo tendo langu si kitu. Hadithi inasema: tendo lako ni tendo lako, maji yawe mengi au machache.

Mwenzangu wa Kamenge, niliyemsomea rasimu ya makala haya, alinipinga, na alinipinga vizuri. Alisema: "Ukifungua mlango huo huwezi kuufunga. Mama yangu anafua nguo mtoni kwa sabuni. Wakulima wa milimani wanalima maharage kwenye mteremko na udongo wote unashuka. Utawaita wote madhalimu?" Kisha akaniongezea kanuni za fiqhi: jambo likiwa balaa la wote, sheria hulegeza, na aliyesababisha jambo bila kulitenda moja kwa moja halipi mpaka awe amekusudia au amevuka mpaka.

Nilikaa na pingamizi hilo wiki nzima. Kuhusu mama yake na mkulima, nadhani ana haki. Mkulima wa Mumirwa ana shamba dogo, watoto wengi, na mteremko ndio ardhi aliyopewa. Kumwambia asilime ni kumwambia asile. Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa uwezo wake, na anayetaka udongo ubaki mlimani ampelekee mkulima miche na nguvu za kuchimba makinga maji, asimpelekee hotuba. Lakini gereji haikuwa hivyo. Palikuwa na pipa tupu nyuma ya ua. Palikuwa na wauza mbao wanaopaka oili chafu kwenye mbao kuzuia mchwa, na wangeichukua bure. Tuliimwaga mtoni kwa sababu mto ulikuwa karibu na haukuwahi kulalamika. Huko ndiko kuvuka mpaka, kwa ninavyoelewa. Katika vitabu vya fiqhi mfano maarufu ni wa anayechimba kisima katika njia ya watu bila idhini: akitumbukia mtu, mchimbaji anadhamini, ingawa hakumsukuma. Mto nao ni njia ya watu.

Lililobaki gumu ni udogo. Tulikuwa wengi, gereji nyingi, miaka mingi, na bido langu peke yake halikuua samaki hata mmoja ninayeweza kumwonyesha. Watu wengi hutaja hapa hadithi ya jahazi, ya wale wa chini wanaotaka kutoboa sehemu yao, wakiachiwa wanazama wote. Ni hadithi sahihi, imo katika Bukhari, lakini naona haifiki hasa palipo na ugumu. Katika jahazi tundu moja linatosha, na mtoboaji anazama na wenzake. Kwetu tundu langu peke yake halizamishi, na anayeumia anaweza kuwa mvuvi wa Kalemie ambaye hajawahi kusikia jina Buyenzi. Kilichonisaidia zaidi ni hukumu ya Sayyidna Umar (r.a.) alipouawa mtu mmoja huko Sanaa na kundi la watu. Hakuigawa roho moja kwa idadi yao akampa kila mmoja kipande. Kila mmoja aliibeba yote, na akaeleza kwamba lau mji mzima ungeshirikiana, wote wangeibeba. Najua tofauti: wale walikula njama, sisi hatukula. Sisemi hukumu ni moja. Nasema tu kwamba akili inayosema "tulikuwa wengi, kwa hiyo fungu langu ni karibu na sifuri" haikuwa akili ya Umar.

Na Surat Yasin, ambayo wengi wetu tumeihifadhi tangu madrasa, inasema katika aya ya 12 kwamba yanaandikwa wanayoyatanguliza watu na athari zao. Athari ni kile kinachoendelea kutenda wewe ukiwa umeshaondoka. Tunaisoma kwa waliokufa. Sikuwahi kuifikiria kwa tope.

Nilijaribu kupiga hesabu. Miaka mitatu, likizo mbili kila mwaka, jioni kumi hivi kila likizo: jioni sitini, lita 1,200. Toba ya haki ya Mwenyezi Mungu ina masharti tunayoyajua. Ikihusu haki ya kiumbe, inaongezeka sharti la kumrudishia mwenyewe au kumwomba akusamehe. Mwenyewe ni nani hapa? Mama wa Kinindo anayefungua bomba? Mvuvi? Aliyezaliwa jana, ambaye atakunywa maji hayahaya mpaka azeeke? Imam al-Ghazali katika Ihya amelizungumzia suala la mali ya haramu ambayo mwenyewe hajulikani, na njia anayoionyesha ni kuitoa sadaka, ili manufaa yamfikie huyo asiyejulikana. Nilimuuliza ustadhi kama naweza kupimia humo. Aliniangalia kwa muda, akasema kiasi kinaweza kuwa kigumu lakini mlango upo, na kwamba sadaka inayofanana na kosa ndiyo inayoonyesha ukweli wa moyo. Wallahu a'lam.

Mwezi uliopita nilirudi gerejini. Fundi mkuu amezeeka, ananiita "mwalimu" kwa utani. Nikamuuliza vidanje siku hizi inakwenda wapi. Akasema wauza mbao wanaichukua wanapokuja. "Na wasipokuja, mzee?" Akanyoosha mkono kuelekea bondeni, bila kusema neno. Wakati huohuo kijana wa miaka kumi na mitatu hivi alikuwa anatoka na bido, ameegemea upande mmoja kwa uzito, kama nilivyokuwa naegemea. Nikamwomba anipe. Nikalifunga kwenye baiskeli nikaenda nalo nyumbani, na wiki iliyofuata nikafuata jingine, na jingine.

Sasa yako matano nyuma ya jiko la mama, yamefunikwa kwa turubai. Muuza mbao mmoja wa karibu amesema atayachukua, hajasema lini. Mama ameniuliza mara mbili mvua ikija nitayapeleka wapi.